Majani ya mwarobaini na sukari ya mamangu: dondoo la maabara na kikombe cha jikoni ni kitu kimoja?

Binti wa Kibokoni (Jumamosi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa kuelewa jambo linalotusumbua nyumbani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mamangu ana umri wa miaka 67 na amekuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 9. Anatumia vidonge viwili vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, asubuhi na jioni. Uani kwetu pana mwarobaini mkubwa ambao siku zote tumeutumia kuwaogesha watoto wenye tetekuwanga na kufukiza mbu, lakini tangu mwezi uliopita mama ameanza kuchuma majani yake, kuyachemsha katika sufuria ndogo mpaka maji yashike rangi ya chai iliyokaa, na kunywa kikombe kimoja kabla ya kufungua kinywa na kingine kabla ya kulala.

Aliyemtia moyo ni mpwa wangu anayesoma chuoni, ambaye alimsomea makala ya utafiti iliyosema kwamba dondoo la majani hayo, lililotolewa kwa methanoli (aina ya alkoholi), lina nguvu kubwa ya antioksidanti, yaani ya kutuliza kemikali haribifu, kwamba linazuia kimeng'enya kiitwacho alfa-glukosidasi kuliko akabosi, ambayo ni dawa ya kisukari, na kwamba panya waliopewa dondoo hilo sukari yao ilishuka. Katika maelezo yote hayo mama alishika maneno mawili tu: "kuliko dawa".

Sasa, siwezi kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Zamani tukimpima saa mbili baada ya kifungua kinywa, mashine ilikuwa ikisoma kati ya 13 na 15 (milimoli kwa lita). Siku hizi inasoma 8 au 9. Lakini usiku wa kuamkia Alhamisi, yapata saa tisa, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu imelowa jasho, mikono inatetemeka na maneno yake hayashikani. Mashine ilisoma 3.1. Tulimpa maji ya sukari akarudi katika hali yake. Mimi niliogopa, ilhali yeye anasema huo ndio ushahidi kwamba majani yanafanya kazi, na anataka kuviacha vidonge kabisa. Kwenye kliniki anayohudhuria hataki kulitaja suala hili, kwa sababu mara ya kwanza alipotaja majani alichekwa mbele ya wagonjwa wengine na kuambiwa aache uchafu.

Je, matokeo ya utafiti kama huo yana maana gani hasa, na yanahusu kikombe anachokunywa mamangu?

Mkemia wa Mtwapa

Dada, pole kwa usiku huo. Kuhusu ile 3.1 naamini wataalamu wa dawa watakujibu vizuri kuliko mimi, na naomba usisubiri majibu ya hapa ndipo umpeleke kwa daktari. Mimi nitajibu upande wa maabara, kwa sababu vipimo hivyo nimevifanya kwa mikono yangu, ingawa ilikuwa kwa majani ya mti mwingine.

Tuanze na hiyo nguvu ya antioksidanti. Kipimo kinachotumika mara nyingi huitwa DPPH. Ni unga ambao ukiyeyushwa katika methanoli hutoa maji ya zambarau iliyokolea, na molekuli zake ni radikali huru, yaani zina elektroni moja isiyo na mwenzake. Ukitia dondoo lenye fenoli nyingi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu hiyo, fenoli hizo huipatia radikali kile inachokikosa, na zambarau hufifia taratibu mpaka ikawa manjano. Unaziacha neli zako gizani kwa nusu saa, unapima mwanga katika urefu wa wimbi wa nanomita 517, unalinganisha na vitamini C, na kazi imekwisha. Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, lakini kinachojibu ni swali moja dogo: je, humu mna vitu vinavyoweza kutoa elektroni au haidrojeni? Karibu kila jani la kijani litajibu ndiyo. Tulipokuwa wanafunzi tulitia karafuu za Marikiti kwa mchezo tu, na zikayashinda majani tuliyokuwa tumeyaandikia pendekezo zima la utafiti. Hatukuziandika kwenye ripoti.

Ndani ya mwili mambo hubadilika. Fenoli nyingi hufyonzwa kidogo sana, na zile zinazofyonzwa hugeuzwa na utumbo na ini kabla hazijafika mbali. Tena hata antioksidanti inayofika si lazima ilete heri. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Ufini, ambamo wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wakivuta sigara walishirikishwa, wengine wakipewa beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa mno wakati huo. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Sisemi kwamba mwarobaini utafanya hivyo. Nasema tu kwamba rangi kufifia kwenye neli hakutuambii lolote kuhusu mgonjwa.

Sasa hilo la "kuliko akabosi", ambalo ndilo lililomteka mama. Alfa-glukosidasi hukaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na kazi yake ni kukata vipande vya wanga viwe glukosi inayoweza kuingia kwenye damu. Ukikizuia kimeng'enya hicho, sukari ya chakula huingia polepole, na ndivyo akabosi inavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba maabara nyingi hazitumii kimeng'enya cha utumbo wa binadamu, wala hata cha panya. Zinanunua kile cha hamira, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ndiyo, hamira ile ile inayoumua mahamri. Na akabosi, ambayo ni hodari juu ya kimeng'enya cha utumbo wa mnyama, ni dhaifu sana juu ya kile cha hamira. Kwa hiyo mmea unaoishinda akabosi katika jaribio la namna hiyo umeshinda mbio ambazo mpinzani wake alizikimbia akiwa amefungwa mguu. Mwambie mpwa wako aitazame sehemu ya mbinu katika makala yake, aone kimeng'enya kilitoka wapi. Nahisi atakuta ni hamira.

Kuhusu panya, mara nyingi hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za beta kwenye kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Panya wa namna hiyo amekosa insulini, lakini mtu mwenye kisukari cha aina ya pili kwa kawaida anayo, ila mwili wake hauitikii ipasavyo na kongosho huchoka taratibu. Halafu tazama kipimo. Tuseme panya walipewa miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito, kiasi ambacho ni cha kawaida katika tafiti hizi. Kwa kanuni ya kulinganisha eneo la ngozi, kiwango cha panya hugawanywa kwa takriban 6.2 ili kupata cha binadamu, kwa hiyo mtu wa kilo 70 angehitaji kama gramu 4.5 za dondoo kavu kila siku. Hizo si gramu za majani. Ikiwa gramu 100 za unga wa majani zitakupa gramu 10 za dondoo, basi mama angehitaji kuloweka gramu 45 za unga mkavu katika methanoli, kuchuja, na kuivukiza methanoli yote, kwa maana methanoli ni sumu. Kikombe chake ni cha maji. Maji hutoa baadhi ya vitu na kuacha vingine, kwa hiyo hata tukisema ni jani lile lile, anachokunywa si kile kilichopimwa.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani kwamba hakuna lolote. Lipo jaribio lililofanywa kwa binadamu huko Hyderabad, India, na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliokuwa tayari wanatumia metformini waliongezewa dondoo lililosanifishwa la majani na vitawi vya mwarobaini, miligramu 125, 250 au 500 mara mbili kwa siku, kwa wiki 12, na sukari yao ilishuka kuliko ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hilo linastahili kufuatiliwa. Lakini lilikuwa dondoo la kiwango kinachojulikana, juu ya metformini na si badala yake, na wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi.

Mzee wa Mwembe Tayari

Mwanangu, mimi nimeuza miti shamba kwa zaidi ya miaka thelathini na nimewaona wengi wa aina ya mamako. Kwanza nilaani tabia ya kumcheka mgonjwa. Mtu mzima akichekwa haachi anachofanya, bali hujifunza kukifanya kwa siri. Na hao wanaocheka wasisahau kwamba hiyo metformini yenyewe asili yake ni mmea wa Ulaya, ambao wazee wa huko waliutumia kabla ya kuwapo maabara yoyote.

Baada ya kusema hayo, nami nina maswali. Mama anachuma kiasi gani? Akisema konzi moja, konzi si kipimo. Mkono wa leo si mkono wa kesho, na jani changa jekundu la ncha si sawa na jani lililokomaa. Pili, una hakika kwamba ni mwarobaini? Uko mti mwingine unaofanana nao sana ambao watu hupanda majumbani kwa ajili ya kivuli. Mwarobaini una ujiti mmoja na vijani vyenye meno vimejipanga pande mbili, na maua yake ni meupe. Ule mwingine ujiti wake hugawanyika tena kuwa vijiti vidogo vyenye vijani, maua yake yana rangi ya zambarau hafifu, na matunda yake ni sumu. Tatu, na hili ndilo ninalomuuliza kila mwenye sukari kabla sijafungua gunia langu: tangu aanze kunywa hicho kikombe, asubuhi anakula nini?

Mgonjwa anayemeza vidonge vya kushusha sukari mimi simuuzii majani ya kushusha sukari. Si kwa sababu majani hayafanyi kazi. Ni kwa sababu huenda yakafanya.

Mkemia wa Mtwapa

Mzee, shikamoo. Maswali yako yamenizidi, hasa la tatu, ambalo sikulifikiria kabisa. Kuhusu metformini nakubali, na naongeza kidogo. Mmea huo ni Galega officinalis, na kitu kilichotolewa humo, galegini, kilishusha sukari kweli, lakini kilikuwa na sumu isiyovumilika kwa wagonjwa. Metformini ni molekuli ya jamaa yake iliyotengenezwa maabara, na ni mwaka 1957 ambapo Jean Sterne, daktari wa Ufaransa, alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Mmea ulionyesha njia, lakini anayemeza metformini leo hali majani ya Galega, na ng'ombe na kondoo wanaokula mmea huo kwa wingi hufa.

Mfamasia wa Nyali

Dada, nitasema machache kwa sababu ni ya haraka.

Mtu anayetumia dawa za kisukari, sukari yake ikishuka chini ya 3.9, hiyo ni hipoglisemia, na jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa ulikokueleza ndizo dalili zake. Katika dawa mbili anazotumia mama, ninayoishuku kwanza ni glibenklamidi. Yenyewe huisukuma kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala, na athari yake hudumu muda mrefu, hasa kwa wazee na kwa wale ambao figo zao zimepungua nguvu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho. Sasa ukimpa mzee glibenklamidi jioni, akanywa kitu kingine chenye uwezekano wa kushusha sukari, na pengine chakula cha usiku akakila kidogo, saa tisa ya usiku ndiyo saa ya kumkuta katika hali uliyomkuta.

Kwa hiyo asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe, na wala asiendelee hivi hivi. Aonwe na daktari kesho kama inawezekana, siyo siku ya kliniki ijayo, na majani yasimame mpaka aonwe. Muulize daktari juu ya kubadilisha glibenklamidi, kupima figo, na kupima HbA1c, ambayo huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu na haidanganywi na kikombe cha asubuhi ya leo. Kama mama anaogopa kuchekwa, andika mambo yote kwenye karatasi moja, majani yakiwemo, umpe daktari aisome. Karatasi haichekwi.

Hali ile ikirudi kabla hamjafika kwa daktari, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini rudia. Akipata nafuu ale chakula chenye wanga, kwa sababu glibenklamidi inaweza kumrudisha chini tena. Asipoweza kumeza msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Na kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mchanga, kikombe hicho kisimfikie, na mafuta ya mbegu za mwarobaini yasinyweshwe mtoto hata tone: wako watoto waliopatwa na degedege na madhara ya ini kwa sababu hiyo.

Bi wa Kisauni

Marehemu mume wangu alikunywa mlonge, mwarobaini na mbegu za uwatu kwa zamu, na mimi nikaamini kwamba ndivyo vilivyomshikilia. Baada ya kuyasoma maelezo ya Mzee nimekumbuka kwamba miezi ile ile ndiyo aliyoacha soda kabisa. Natamani mtu angeniuliza swali hilo wakati huo.

Binti wa Kibokoni (Jumatatu ya wiki ya tatu)

Ndugu zangu, samahani kwa kuchelewa. Nitaanza na maswali ya Mzee kwa sababu ndiyo yaliyotufungua macho.

Mti ni mwarobaini, nimeukagua ujiti kwa ujiti. Konzi nilizipima kwenye mizani ya duka la jirani kwa siku tatu mfululizo, mama akichuma mwenyewe bila kujua nitapima: gramu 22, gramu 38, gramu 27. Akaniuliza kama nataka kuyauza. Kuhusu chakula cha asubuhi, nilimuuliza akakataa katakata kwamba kuna kilichobadilika. Dada yangu mdogo ndiye aliyesema kweli. Tangu mama aanze kunywa majani, kinywa chake hubaki kichungu mpaka karibu saa nne, mahamri hayana ladha, na chai ya maziwa aliyokuwa akiitia vijiko vitatu vya sukari anaisukuma kando. Mahamri manne na vikombe viwili vya chai tamu vilikuwa vimetoweka mezani, nami nilikuwa nimekaa nikiihesabu miti shamba. Usiku nao, kwa kuwa kikombe cha pili kilimkata hamu, alikuwa akila vijiko viwili vitatu vya wali kisha anameza kidonge chake.

Mpwa wangu naye aliifungua ile makala tena. Ni hamira.

Kwa daktari tulikwenda siku ya pili baada ya ushauri wa Mfamasia, kwenye kituo kingine, na karatasi yangu ikasomwa kuanzia juu mpaka chini. Glibenklamidi imeondolewa, metformini imebaki, figo zimepimwa na hazina shida kubwa, na HbA1c imetoka asilimia 7.8. Daktari alimwambia mama kwamba angependa kujua kama ni majani au ni mahamri, na akampa shauri ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara kuliko katazo: kwa wiki mbili aache majani lakini abaki bila mahamri na bila sukari kwenye chai, apimwe saa mbili baada ya kula, na matokeo yaandikwe.

Mama amekubali, kwa masharti kwamba mwarobaini usikatwe, jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Leo ni siku ya kumi na mbili. Daftari linaonyesha kwamba ya chini kabisa ilikuwa 8.1 na ya juu kabisa 9.7, bila jani hata moja, na usiku analala mpaka adhana ya alfajiri. Nilipomwonyesha ukurasa alivaa miwani, akazifuata nambari kwa kidole, kisha akasema kwamba majani ya mwezi uliopita bado yamo mwilini.